Magharibi ya Saa Tisa: Historia Fupi ya Siku Fupi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda tuna mjadala ambao haujapata mshindi. Kila muhula, somo la saa likifika, hakosekani mmoja wa kuuliza kwa nini Kiswahili kisikubali yaishe, kikahesabu saa kama simu zinavyohesabu. "Simu yangu inasema saa nane, nyinyi mnasema ni saa mbili. Nani mwongo?" Darasa hucheka, mhadhiri hucheka, kisha tunarudi kwenye ngeli za nomino. Kinachoshangaza ni kwamba hata Kiganda chetu huhesabu vilevile: ssaawa bbiri ez'oku makya ndiyo hiyo hiyo saa mbili asubuhi. Lakini mwanafunzi aliyeizoea saa hiyo nyumbani kwao huiona ya ajabu akiikuta ndani ya kitabu.

Katika insha hii nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kupita njia ya mbali kidogo, yaani historia ya siku fupi kuliko zote katika nchi za kaskazini. Hoja yangu ni kwamba saa ya Kiswahili imejengwa juu ya ahadi ambayo jua la ikweta huitimiza kila siku. Watu wa Ulaya nao walikuwa na saa za namna hiyo kwa karne nyingi, mpaka mashine zikawashawishi waziache. Nitaonyesha pia jinsi watu hao walivyoishi na giza la Desemba kwa sikukuu, kwa sheria, na zaidi kwa utani. Utani huo nauchukulia kama ushahidi wa kihistoria, kwa sababu watu hawatanii jambo lisilowagusa.

Jua linaposimama

Siku ninayoizungumzia huitwa solistasi ya majira ya baridi. Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, na maana yake ni jua kusimama, kwa kuwa kwa siku kadhaa mahali linapochomoza na linapozama huonekana hapahami. Sababu yake inajulikana. Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi, na ifikapo tarehe 21 au 22 Desemba ncha ya kaskazini huwa imeegemea mbali na jua kadiri inavyowezekana. Kusini mwa ikweta mambo ni kinyume: siku hiyo ndiyo ndefu kuliko zote.

Nyumbani kwetu ni Masaka. Kila nikienda chuoni Kampala navuka ikweta pale Kayabwe, na sijawahi kuona abiria akiamka usingizini kwa ajili hiyo. Ikweta haina kelele. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi Masaka haifiki dakika 3 kwa mwaka mzima. Dar es Salaam, iliyo kusini zaidi, hutofautiana kwa dakika 45 au zaidi kidogo, na Desemba ndipo siku zao huwa ndefu. Lakini London siku ya solistasi mwanga wa jua haufiki saa 8, Stockholm ni saa 6 na dakika chache, na Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari.

Nina sababu ya kuzijali takwimu hizi. Dada yangu mkubwa anafanya kazi Sweden, katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa hesabu yetu, jua la Stockholm mwishoni mwa Desemba huchomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kama saa tisa kasorobo mchana. Hapo ndipo Kiswahili kinapoanza kutoa jasho. Saa moja asubuhi, ambayo kwetu ni saa ya kwanza ya mwanga, huko ni usiku wa manane. Saa tisa na nusu, wakati watoto wa Masaka wanapotoka shule wakirusha mipira ya majani ya migomba, huko giza ni totoro. Dada anasema hata salamu humshinda: umwambie mtu habari za mchana au habari za usiku? Eti wenyeji wamelitatua tatizo hilo kwa kutosalimiana. Huo ni utani wake, tusiuhesabu kama utafiti.

Kwa Mwislamu kama yeye, siku hiyo hubanana zaidi. Adhuhuri huingia saa sita kasorobo, alasiri karibu na saa saba, na magharibi saa tisa kasorobo. Sala tatu ndani ya saa tatu, zinafuatana kama takisi za Kampala zinazogombea abiria mmoja. Amekwisha kupiga hesabu kwamba Ramadhani itaangukia tena mwishoni mwa Desemba mwaka 2030. Siku hizo atafuturu wakati sisi Masaka tungali na saa mbili nzima za kuitazama sahani.

Waroma na saa zilizonyumbuka

Anayedhani kuhesabu saa kwa kufuata jua ni ushamba wa Waafrika na aanze na Roma. Waroma waligawa mchana katika sehemu 12, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, na usiku vivyo hivyo. Saa yao ya sita ilikuwa adhuhuri, kama yetu. Tatizo ni kwamba Roma iko mbali na ikweta. Siku ya solistasi ya baridi mchana wa Roma una saa 9 na dakika chache tu, nao Waroma waliukata vipande 12 vilevile. Kwa hiyo saa moja ya Desemba ilikuwa na dakika 45 hivi za leo, na saa moja ya Juni ikawa na dakika 75 na zaidi. Kibarua aliyeajiriwa kwa siku alifanya kazi saa 12 majira yote, lakini saa zenyewe zilivutika na kujikunja kama mpira.

Jinsi saa za jua zilivyoingia Roma ni kichekesho peke yake. Plinius Mkubwa anasimulia kwamba mwaka 263 KK jemadari Valerius Messalla alirudi kutoka vitani Sicilia na saa ya jua aliyoiteka Catania, akaisimamisha uwanjani mwa mji. Catania iko kusini mwa Roma, hivyo mistari ya saa hiyo haikulingana na kivuli cha jua la Roma. Waroma wakaifuata hivyo hivyo kwa miaka 99, mpaka ilipowekwa nyingine sahihi zaidi. Karibu karne nzima taifa lililojivunia sheria na barabara zake lilikwenda kwa wakati wa mji mwingine, na soko halikusimama hata siku moja.

Wengine waliichukia saa hata ilipokuwa sahihi. Mwandishi Aulus Gellius amehifadhi kipande cha mchezo wa kuchekesha kinachodhaniwa kuwa cha Plautus. Humo mhusika mmoja mlafi anamlaani aliyegundua saa ya jua. Zamani, analalamika, tumbo lake ndilo lililokuwa saa yake, nalo halikukosea. Sasa haruhusiwi kula hata akiwa na njaa, mpaka jua litoe kibali. Anayeishi katika bweni la chuo atamwelewa mtu huyo bila tafsiri.

Giza la Desemba lilikuwa na sikukuu yake, Saturnalia, iliyoanza tarehe 17 Desemba na baadaye ikarefushwa kuwa siku kadhaa. Kazi zilisimama, mahakama zikafungwa, kamari ikaruhusiwa hadharani. Watu walipeana zawadi ndogo, na mojawapo ilikuwa mishumaa. Jambo lililokumbukwa zaidi ni watumwa kuruhusiwa kukaa mezani kama mabwana, na katika nyumba nyingine mabwana wakawapakulia chakula. Plinius Mdogo, mpwa wa yule wa kwanza, anakiri katika barua moja kwamba alijijengea vyumba vya pembeni ili ajifiche makelele ya watu wa nyumbani mwake wakati wa sikukuu hiyo. Tunaweza kucheka naye. Tukumbuke tu kwamba sikukuu ilipokwisha, mtumwa alirudi kuwa mtumwa, na vyumba vile vya pembeni vilikuwa vimejengwa kwa jasho la watu wa namna yake. Utani wa siku fupi ulikuwa na mwisho uliojulikana na kila mtu, na labda ndiyo maana mabwana waliuruhusu.

Solistasi iliyohama tarehe

Kalenda ya Julius Caesar iliiweka solistasi ya baridi tarehe 25 Desemba. Leo iko tarehe 21 au 22. Ilihamaje? Kalenda hiyo ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, ilhali mwaka wa jua ni mfupi kuliko huo kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 si kitu kwa mtu anayesubiri basi, lakini kila miaka 128 hukusanyika kuwa siku nzima. Kufikia karne ya 14, solistasi ilikuwa imerudi nyuma hadi tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lucia wa Siracusa, ambaye jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru.

Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliagiza kalenda irekebishwe. Katika nchi zilizomfuata, tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na tarehe 15 Oktoba. Nchi za Kiprotestanti zilisita. Uingereza ilikubali mwaka 1752 na kuziruka siku 11. Waswidi ndio waliotuachia kichekesho kikubwa. Mwaka 1700 waliamua kurekebisha polepole kwa kuziacha siku za nyongeza za miaka mirefu, vita vikaingia, mpango ukasahauliwa, wakajikuta na kalenda isiyolingana na ya mtu yeyote duniani. Ili warudi walikotoka, mwaka 1712 waliongeza siku moja zaidi. Kwa hiyo Sweden iliwahi kuwa na tarehe 30 Februari. Marekebisho yenyewe yalikamilika mwaka 1753.

Kalenda ilipohama, Lucia hakuhama. Waswidi bado humwadhimisha tarehe 13 Desemba, binti akiongoza maandamano kwa taji la mishumaa kichwani. Mila hiyo ina mizizi ya zamani, ila ilienea mijini baada ya gazeti moja la Stockholm kuandaa mashindano ya kumchagua Lucia mwaka 1927. Dada alipouona msafara huo kwa mara ya kwanza katika nyumba ya wazee, alituambia kwamba bibi mmoja ambaye hakuwa amesema neno kwa wiki nzima alianza kuimba. Nilipomweleza kwamba tarehe ile ni masalia ya hesabu iliyopinda kwa karne nyingi, alinijibu kwa ufupi: "Mdogo wangu, giza la hapa halisomi kalenda."

Saa ya Goethe

Saa za mitambo zilienea katika miji ya Ulaya katika karne ya 14. Magurudumu ya chuma hayawezi kunyumbuka, hayajui Desemba wala Juni. Saa zikawa sawa majira yote. Wajapani peke yao waliishinda mashine kwa muda mrefu: walitengeneza saa ambazo mizani yake ilisogezwa ili zifuate urefu wa mchana na usiku, na wakazitumia hadi mwaka 1873.

Hata baada ya saa kuwa sawa, suala la pa kuanzia kuhesabu halikwisha. Waitaliano walianza kuhesabu saa 24 kutoka magharibi, jua linapozama, kama desturi ya Waislamu na ya pwani yetu inavyoifanya siku kuanza na usiku. Mwandishi Mjerumani Goethe alipofika Verona mwaka 1786 alichanganyikiwa, na mwishowe akachora mchoro wa kubadilisha saa za Kiitaliano kuwa za Kijerumani. Nilipolisoma hilo nilifurahi kupita kiasi. Mshairi mkubwa wa Ujerumani alikaa hotelini akijumlisha na kutoa kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejifunza kwamba saa mbili ni saa nane. Na alikiri kwamba mfumo wa wenyeji ulikuwa na mantiki kwa watu wanaoishi nje, wanaotaka kujua kumebaki saa ngapi kabla ya giza. Saa ya Kiitaliano ilikufa kwa amri za utawala wa Napoleon na kwa mazoea mapya. Hakuna aliyethibitisha kwamba ilikuwa kosa.

Utani uliogeuka sheria

Mwaka 1784 Benjamin Franklin, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, aliliandikia gazeti la huko barua ya mzaha. Alidai kwamba ameamshwa na kelele saa kumi na mbili asubuhi akashangaa kukuta chumba kimejaa mwanga, na kwamba wasomaji wake, ambao hawajawahi kuliona jua kabla ya adhuhuri, hawatamwamini. Kisha akapiga hesabu ya mishumaa ambayo Paris ingeokoa kama watu wangeamka mapema, akapata mamilioni ya ratili za nta. Mapendekezo yake ni ya kuvunja mbavu: madirisha yenye vibao vya kuzuia mwanga yatozwe kodi, mishumaa iuzwe kwa kipimo, na kengele za makanisa zilizwe jua linapochomoza. Kama kengele hazitoshi, mizinga ipigwe mitaani.

Watu walicheka, lakini wazo halikufa. Mwaka 1895 George Hudson wa New Zealand, aliyependa kukusanya wadudu baada ya kazi, alipendekeza saa zisogezwe ili jioni ziwe na mwanga zaidi. Mwaka 1907 mjenzi Mwingereza William Willett alichapisha kijitabu cha kulaumu mwanga unaopotea watu wakiwa wamelala. Alifariki mwaka 1915 bila kufanikiwa. Mwaka uliofuata, katikati ya vita kuu, Ujerumani ilisogeza saa mbele tarehe 30 Aprili ili kuokoa makaa, na Uingereza ikafuata wiki tatu baadaye. Utani wa mishumaa ukawa sheria ya nchi.

Sheria hiyo iligongana na Desemba pale Uingereza ilipojaribu kubaki saa moja mbele hata majira ya baridi, kuanzia 1968 hadi 1971. Jioni zikapata mwanga kidogo, asubuhi zikaupoteza. Kaskazini mwa Scotland jua lilichomoza karibu na saa nne asubuhi, na watoto wakaenda shule gizani wakiwa wamevaa vitambaa vinavyong'aa mikononi ili madereva wawaone. Bunge likaukataa mpango huo kwa kura 366 dhidi ya 81. Marekani nayo ilijaribu jambo kama hilo Januari 1974, na kabla mwaka haujaisha Bunge lake lilikuwa limeufuta uamuzi kwa majira ya baridi. Somo ni jepesi. Serikali inaweza kulihamisha giza kutoka jioni kwenda asubuhi, lakini haina hata dakika moja ya mwanga ya kugawa. Siku yenye saa 7 za jua ni shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje.

Watu wetu katika giza hilo

Mpaka hapa nimezungumzia wenyeji wa kaskazini. Lakini wasemaji wa Kiswahili nao wamo katika historia hii, tena mapema. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliondoka kisiwani mwaka 1866, akafunga ndoa Aden na mfanyabiashara Mjerumani mwaka 1867, akahamia naye Hamburg. Mume alifariki mwaka 1870 kwa ajali, akamwacha na watoto wadogo. Solistasi ya Hamburg ina mwanga wa saa 7 na nusu hivi. Mwanamke aliyekulia mahali ambapo adhana ya magharibi haibadiliki sana mwaka mzima alilazimika kujifunza kwamba huko jioni huja mchana.

Miaka ya mwanzo ya 1890 Amur bin Nasur kutoka Zanzibar alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, na habari za safari yake zikachapishwa mwaka 1894. Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na simulizi yake ya Kiswahili ikatoka mwaka 1901. Yeye alisafiri majira ya joto, wakati ambapo kinachokosekana huko ni usiku.

Anayenigusa zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye jina lake tunalijua kwa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka mwaka 1903. Alianza kufundisha Berlin mwaka 1900. Wakati wa solistasi jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi alasiri. Najiuliza aliwafundishaje wanafunzi wake kwamba saa kumi na mbili jioni ndipo jua linapozama, ilhali dirishani kumekuwa giza kwa muda wa saa mbili. Labda walicheka pamoja. Lakini tunajua pia kwamba baadhi ya wanafunzi hawakukubali kufundishwa na mtu mweusi, na kwamba aliiacha kazi hiyo baada ya miaka michache. Alifariki Berlin mwaka 1927. Giza la Desemba lilimkuta pamoja na giza jingine ambalo halikwishi Januari.

Katika familia yetu nako giza hili halikubaki kuwa kichekesho. Majira ya baridi ya pili, dada aliacha kupokea simu. Akipokea, husema amechoka, amelala saa 10, na bado amechoka. Mama aliumia. Majirani wakasema Ulaya imempa kiburi. Shangazi akauliza, giza linamuumaje mtu anayelipwa kwa krona? Kumbe jambo hilo lina jina na lina historia. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani na kuiona hali hiyo mwilini mwake mwenyewe, alieleza na wenzake aina ya sonona inayokuja na siku fupi na kuondoka mwanga unaporudi. Mojawapo ya tiba walizojaribu ilikuwa kukaa mbele ya taa kali kila siku. Daktari wa dada alimweleza hayo. Sasa ana taa hiyo mezani, naye huiita "Masaka". Anatuambia kwa simu, "Subirini kidogo, nimekaa Masaka."

Mama hakuamini mpaka alipouliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika ukoo: "Mwanangu, kuku wa huko hulala saa ngapi?" Dada alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nadhani mama alikuwa amelifikia kwa njia ya kuku jambo lile lile ambalo madaktari walilifikia kwa njia ya utafiti, kwamba mwili hufuata jua hata ratiba ikitaka vingine.

Vioo na maandazi

Watu wa kaskazini wana dawa zao za pamoja, na nyingi zina uso wa utani. Mji wa Rjukan nchini Norway uko chini ya bonde refu, na kwa miezi kama sita ya mwaka milima huuzuilia jua. Mwaka 1913 lilizuka wazo la kuweka kioo mlimani ili kulirudisha jua mjini. Teknolojia haikutosha, hivyo mwaka 1928 kampuni iliyoujenga mji huo ikawawekea wakazi gari la waya la kuwapandisha mlimani. Waliwapeleka watu kwenye jua kwa kuwa jua lilikataa kuwajia. Miaka 100 baada ya wazo la kwanza, mwaka 2013, vioo 3 vikubwa vinavyoongozwa na kompyuta vilisimikwa juu ya mlima, vikamulika sehemu ya uwanja wa mji, kama mita 600 za mraba. Wakazi walifika na viti vya ufukweni na miwani ya jua. Ni kiwanja kidogo kuliko soko la Masaka, lakini watu walisherehekea kama waliopata bahari.

Tromsø, jua linaporejea kuonekana karibu na tarehe 21 Januari, watu hula maandazi yaliyojazwa jamu na kuyaita maandazi ya jua. Longyearbyen, kaskazini zaidi, mwanga wa jua huufikia mji tarehe 8 Machi. Wakazi hukusanyika penye ngazi za hospitali ya zamani, watoto wakiliita jua kwa sauti mpaka litokeze. Jua lingetokeza hata wangenyamaza. Nafikiri wanajua hivyo, na wanaita kwa sababu ni afadhali kulisubiri wakiwa wengi.

Hitimisho

Nirudi kwenye mjadala wetu wa darasani. Historia hii inatufundisha mambo mawili kuhusu saa ya Kiswahili. La kwanza ni kwamba haina upekee wa kuonewa haya. Waroma walihesabu kutoka jua kuchomoza, Waitaliano kutoka jua kuzama, na Goethe akatoa na kujumlisha kama sisi. Saa zao ziliachwa kwa sababu ya mashine na amri, na kwa sababu walikoishi mchana hubadilika mno. Kwetu sababu hiyo ya mwisho haipo. Mwenzetu anayeuliza nani mwongo kati ya simu na mwalimu anaweza kujibiwa kwamba simu huanza kuhesabu usiku wa manane, wakati ambao hakuna mtu anayeweza kuuona, na mwalimu huanza kuhesabu na jambo linaloonekana na kila mwenye macho.

La pili ni kwamba tusiipambe saa hii kupita ukweli wake. Hata Masaka haifuati jua sawasawa. Uganda inatumia saa moja na Mombasa na Dar es Salaam zilizo mashariki yetu, kwa hiyo mwezi Desemba jua letu huchomoza zaidi ya dakika 40 baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Sisi nasi tuliingia makubaliano, kama Waroma na jiwe lao la Catania, na soko letu halisimami. Tena zipo nchi ambamo saa hii haielezi tena kinachoonekana dirishani, na wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko wanazidi kuongezeka. Hao wanahitaji saa zote mbili: ya ukutani ili wawahi kazini, na ya Kiswahili wanapopiga simu nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza somo la saa lisiishie kwenye kujumlisha na kutoa sita. Walimu walifundishe pamoja na historia yake, wakianzia na Mtoro bin Mwinyi Bakari mbele ya dirisha lenye giza. Na mwanafunzi mwenye ndugu Ulaya aagizwe ampigie simu mwezi Desemba, amuulize jua limezama saa ngapi, kisha akae kimya kidogo asikilize jibu litakavyotolewa.